Kaunta ya Jiko la Eliza

Dada Tabitha, shikamoo.

Ujue kwanza kwamba siku hizi hapa Dodoma hakuna jiko la maana linalojengwa bila mdogo wako Yona kuulizwa. Wakubwa wakinikuta barabara ya Msalato wanapunguza mwendo, wanashusha kioo: "Mzee Yona, sinki likae upande gani?" Nawajibu huku natembea. Sina muda.

Sasa mwanao Eliza alipoamua kulibomoa jiko la nyumba uliyomwachia na kulijenga upya, nani angesimamia kama si mjomba wake? Alitaka la kisasa hasa: makabati ya mbao ngumu mpaka darini, granaiti nyeusi, jiko la gesi la kuzamisha kwenye kaunta, na oveni kubwa ya ukutani aoke keki za harusi. Tulikaa uani tukapanga bajeti. Aliweka akiba yake yote, miaka ile yote ya kubeba chakula kwenye hotpoti asile mgahawani. Pembeni akatenga fungu la dharura. Nikamwambia, "Dharura ya nini na mimi nipo?" Fungu likaingia kwenye granaiti ya bei ya juu zaidi. Nilichagua mimi. Inang'aa, Dada, ungeyaona meno yako humo.

Fundi akauliza kaunta iwe na kimo gani. Eliza alikuwa kazini. Nikamwambia fundi, ugali wa uwele hausongwi kwa vidole, unasongwa kwa mgongo. Mpishi lazima auangukie mwiko kutoka juu. Nikaweka kiganja hewani, pale kiwiko chako kilipokuwa kinafika ukisonga. Sikufikiri. Mkono ulikwenda wenyewe. Nilikuwa nakuona, unagonga mwiko kwenye ukingo wa sufuria, unaniambia, "Yona, nawa, acha hadithi." Fundi akapima chini ya kiganja changu, akajenga.

Eliza ni mrefu, alimfuata baba yake. Siku ya kwanza alisimama pale kukata vitunguu, akainama kama mtu anayetafuta sindano. Akajinyoosha, akashika kiuno. Akaniuliza taratibu tu, "Mjomba, hili jiko tumemjengea nani?"

Mimi nina jibu la kila kitu tangu nizaliwe. Pale niliinama kuokota maganda ya vitunguu.

Fundi anasema inawezekana kuinua: kubandua granaiti, kuongeza tofali chini, kubandika upya. Lakini granaiti ikishashika, kuibandua ni kamari, inaweza kupasuka. Na hela iliyobaki ni ya oveni peke yake. Eliza amesema basi, oveni isubiri. Alisema hivyo akitazama lile tundu la oveni ukutani, na mimi nikajifanya natafuta kofia. Hajanilaumu hata kwa neno moja. Angenilaumu ningelala. Majirani wakiuliza anawaambia kaunta fupi ndio mtindo mpya wa Ulaya, na hayo maneno aliyatoa kwangu.

Tangu tukuzike, Dada, watu wananisikiliza lakini hakuna anayeniambia nyamaza. Sikujua kama nitalitamani neno hilo.

Basi nimeuza ng'ombe wangu wa Mpwapwa. Nakuahidi kaunta itapanda, na hela ya oveni haitaguswa. Ikipasuka, nitajua la kufanya, nitauza na kile kishamba cha zabibu cha Hombolo. Siku ya kupima, Eliza atasimama mwenyewe mbele ya fundi, mimi nitakaa uani na mdomo nimeufunga. Wewe pumzika, Dada, mgongo wako ulifanya kazi ya kutosha.

Ila jana, kabla hawajaja kubandua, nilijaribu kusonga ugali pale mwenyewe. Kaunta ilinikaa sawasawa, kiwiko mahali pake kabisa. Na miaka yote nawaambia watu kwamba nilikuzidi kichwa kizima. Ile picha ya harusi yako nilisimama juu ya tofali, na ni wewe uliyenisogezea kwa mguu, ukalifunika kwa gauni.