Mkuza Usio na Nguzo

Kambini, Lindi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kifua cha mama kimetulia baada ya baridi ya Gitting. Mimi sijambo, ila joto la huku sijalizoea. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu ukipokea simu unaweka spika, na haya nataka uyajue kwanza wewe peke yako.

Kazi yangu bado ni ya kusimamisha nguzo. Tunautoa umeme wa jua kwenye uwanja wa sola na kuupeleka gridi ya taifa. Juzi mhandisi wetu aliniuliza kwetu ni wapi. Nikamwambia Hanang, kule kwenye mashine za upepo zilizosimamishwa halafu zikafungwa, zinasubiri laini ya umeme. Akacheka kidogo.

"Fedha ya serikali ya laini yenu ndiyo hii tunayofanyia kazi hapa," akasema. "Ilihamishwa. Kwenu labda huko mbele."

Labda huko mbele! Misimu mitatu tumeviangalia vile vigingi vyekundu vilivyopigwa kuonyesha njia ya laini kama vitu vya kanisani. Viongozi walikuja, wakala mbuzi wetu, wakasema upepo wetu utawasha taa nchi nzima. Fedha ilipoondoka hakurudi hata mmoja wao kutuambia. Hata kumtuma mtendaji wa kijiji na karatasi moja kumewashinda. Na mashimo yanayochimbwa kwa fedha hiyo nayachimba mimi, mtoto wa Gitting. Nina uchungu, Baba.

Lakini siwezi kuwalaumu wao peke yao. Wapima walipokuja, mimi ndiye niliyewashikia kamba na kuwatafsiria wazee kwa Kiiraqw. Walisema tusijenge wala tusipande miti ndani ya mkuza, yaani ile njia ya waya. Mazao mafupi hawakuyakataza. Mimi nilikuwa nimevaa koti lao la kung'aa, kijiji kizima kinanisikiliza, nikaongeza la kwangu: atakayelima ndani ya vigingi atafutwa kwenye fidia. Siku ile nilijiona mtu mkubwa.

Ukaniamini. Baba mdogo Safari alipotaka kupanda maharage ya ngwara kwenye kile kipande chenu cha pamoja kilichomo ndani ya vigingi, ulimzuia mbele ya majirani, ukasema anataka kuwanyima watoto wako haki yao. Tangu siku hiyo hamsalimiani. Wewe una maksai mmoja, yeye ana mmoja, na miaka yote mlikuwa mnawafunga nira moja. Mama ananiambia sasa kila maksai amesimama kwenye zizi lake, na ninyi wawili mnalima kwa jembe la mkono na migongo yenu hiyo. Mwaka jana madebe ya mahindi mliyovuna hayakufika hata Krismasi.

Kosa langu nililijua tangu mwezi wa kwanza huku, nilipoona watu wanavuna karanga chini ya waya na hakuna anayewauliza. Nikanyamaza. Niliona aibu kukuambia kwamba uligombana na ndugu yako wa tumbo moja kwa maneno niliyoyatunga mimi. Nisamehe, Baba. Ni aibu ya kijinga, na imewagharimu ninyi.

Ng'oa vile vigingi. Halafu mpeleke maksai wako kwa Baba mdogo kabla ya mvua. Najua kwetu mkubwa hamfuati mdogo wake kuomba mapatano, na najua majirani watasema. Waache waseme. Mkisubiriana, mvua itapita na lile shamba litalala tena.

Nisalimie sana mama. Bibi mwambie kitenge chake nimekinunua, nitakituma kwa basi. Dada Eliwaza na shemeji, pamoja na mtoto wao mchanga ambaye sijamwona, wape salamu zangu.

Baba mdogo usimpe salamu zangu. Mpe barua hii aisome mwenyewe, ajue aliyemdanganya kaka yake ni nani.

Mwanao,
Emanueli