Kimo cha Jiko

Jumanne, 3 Februari
Tumemaliza kuchomelea jiko la majaribio saa tisa. Mkono wa kushoto umeungua tena, palepale. Alhamisi na Ijumaa linapikiwa sekondari ya bweni kule Nduruma, sambamba na la mshindani wangu. Atakayeshinda anatengeneza majiko manane. Nikikosa, nafunga karakana hii ya Kijenge na kurudi dukani kupima misumari kwa kilo, nilikoanzia. Nina mafundi wanne. Sijawaambia.

Tenda tatu nimekosa kwa sababu ileile: wanachagua bei ya chini kabisa. Bei ya langu ni karibu mara mbili ya lile la bati la mshindani. La bati linakufa mwaka wa pili. Nimeyaona nyuma ya majengo ya shule, kutu tupu, kuku wanatagia humo. Hakuna aliyewahi kunipigia kusema pole.

Jumatano, 4 Februari
Ofisi ya manunuzi. Bwana Kaaya, afisa mwenyewe, kijana mpole. Anasema safari hii kamati itajumlisha bei ya jiko na mkaa litakaoula miaka mitano. Utaratibu kauandika yeye, akabishiwa vikao viwili. Nimesoma masharti mara tatu nikitafuta mtego. Hakuna. Nimeondoka bila kumshukuru vizuri. Mdomo umezoea kulalamika.

Alhamisi, 5 Februari
Maharage, kilo ishirini kila sufuria. Mkaa wa pumba za kahawa, umepimwa mbele ya kamati. Langu: kilo tisa. La bati: kilo kumi na saba. Nilitaka kuruka. Nikajifanya nafuta miwani.

Ijumaa, 6 Februari
Aibu.

Leo ilikuwa ugali. Mpishi mkuu ni Mama Elinami, mama wa Kimeru, mfupi, mikono ya chuma. Kashika mwiko, kasimama kwa ncha za vidole, kasonga mara tano, kaacha. Ukingo wa sufuria uko sentimita 104 kutoka sakafuni, juu ya kiuno chake. Ugali wa watu wengi unasongwa kwa mgongo na uzito wa mwili. Mimi najua hilo. Nimeshika mwiko tangu nina miaka saba. Nimelijenga jiko kwa kipimo cha sufuria na cha moto, mpishi sikumpima. Ugali ukashika chini, juu madonge. Watoto wamekula saa tisa kasoro.

Mama hakunong'ona. "Wachaga kwa hesabu hamjambo. Umepima mkaa, umepima maji, umepima saa. Huu mgongo je? Ulidhani anapika twiga?"

Kamati nzima ilicheka. Kaaya pia. Nimemchukia yule mama mpaka nafika nyumbani.

Masharti yanampa kila mzabuni marekebisho, mara moja tu. Nina mpaka Jumanne.

Jumamosi, 7 Februari
Kukata miguu ya jiko ni kazi ya nusu saa. Lakini chumba cha majivu kiko chini. Nikilishusha jiko, hewa haiingii, mkaa unaliwa ovyo. Jaribio la kwanza kilo kumi na nne. La pili kumi na tatu na nusu. Nimemfokea fundi asiye na kosa.

Jumapili, 8 Februari
Sikwenda ibada. Saa nane geti la karakana likagongwa. Mama Elinami, gauni la kanisani, mwiko wake kaufunga kwenye kitenge. Kapanda magari mawili kutoka Nduruma. Mahali tulipo kapasoma kwenye kibao cha jiko. Shikamoo ilinitoka kwa shida.

"Marahaba. Sijaja kuomba msamaha. Nimekuja kupimwa."

Nikamuuliza inamhusu nini. Akasema ana miaka kumi na tisa ya moshi machoni, na Alhamisi kapika bila kulia. "Ninyi mkishalipwa mnapanda magari yenu. Mimi ndiye nabaki nalo."

Nimempima. Kiuno, sentimita 91. Akapanda tofali, akashuka, akasonga sufuria tupu. Tumepata ukingo wa sentimita 80. Kisha akachungulia chini ya jiko, akauliza kwa nini majivu lazima yawe na chumba kirefu, yeye kwake anayavuta kwa pembeni.

Miaka kumi na sita kwenye chuma. Sikuwahi kuwaza hivyo. Chumba kifupi, kipana, droo ubavuni, hewa pande mbili. Nimewaita mafundi kutoka majumbani. Nimemwomba radhi na yule niliyemfokea jana.

Jumanne, 10 Februari
Ugali umeiva, laini, hakuna donge. Maharage yamekula mkaa kilo kumi. Imeongezeka moja, nami nimeisema mwenyewe kabla hawajaniuliza. La bati bado kumi na saba. Mshindani kaongeza mishikio tu.

Ijumaa, 20 Februari
Barua imetoka. Majiko manane.

Nimelia karakanani mbele ya mafundi, wakadhani tumekosa. Kaaya kaongeza sharti kwenye mkataba: mpishi apike kwanza, aridhike, asaini, ndipo nilipwe. Zamani ningeita uonevu. Nimekwenda ofisini kwake nikamshukuru kwa sauti, watu wakisikia. Aliona haya.

Alhamisi, 12 Machi
Nduruma. Mvua tangu asubuhi. Yote manane yamekaa, yamesainiwa wiki iliyopita. Nilisema napita tu. Mama Elinami kanipa sahani, kaniambia nisogee, namzibia mwanga. Nimekula nimekaa juu ya gunia la unga. Paa linaonekana mpaka kwenye kenchi, moshi hakuna. Yeye alikuwa anasonga sufuria ya tatu huku akimsimulia mwenzake habari za harusi ya mtu. Jiko hakulitazama hata mara moja.