Sauti Iliyokuwa Ndani ya Tangi

Jumatatu, 6 Oktoba

Vidonge vinne. Uji wa uwele nusu kikombe. Miguu imevimba tena, soksi zimeacha alama. Neema, binti yangu, ameniweka barazani kabla jua halijafika, laptopu juu ya stuli, hedifoni shingoni, kisha akaenda kupepeta alizeti.

Nimefanya kazi kwa saa moja na nusu. Sekunde kumi na moja za sauti. Ndiyo kazi pekee niliyobaki nayo.

Mjukuu wangu Upendo, mtoto wa Neema, anatengeneza muziki Dodoma. Anataka kipande cha kanda ya kwaya yetu ya zamani akiingize ndani ya wimbo wake. Kipande hicho anakiita sampuli. Kina mwangwi mwingi mno, neno halijaisha na la nyuma yake bado linalia. Anakitaka kikavu, ili akiwekee mwangwi anaoutaka yeye. Alinitumia programu na kunifundisha kwa simu wiki mbili, kwa uvumilivu ambao mimi sikuwapa wanafunzi wangu. Programu inasikiliza mkia wa sauti, kile kinachobaki neno likishatamkwa. Inajifunza mkia huo, kisha inaukata. Kwenye kioo kuna duara la kuzungusha. Ukienda kulia unakata zaidi.

Angeweza kuifanya mwenyewe kwa dakika kumi. Nilikataa. Nilimwambia kanda ni yangu na masikio bado ninayo. Alicheka. "Haya mume wangu, fanya." Anadhani ni ukaidi wa kizee.

Si ukaidi. Ni woga.

Jumanne, 7 Oktoba

Upepo mkali tangu asubuhi. Bati linapiga. Sikufungua laptopu.

Nimewakumbuka wanakwaya. Walikuja mazoezini kutoka shamba, jembe wanaliegemeza ukutani, miguu bado na udongo. Hatukuwa na kinanda. Nilitoa sauti ya kwanza kwa mdomo, wao wakaipokea. Tabitha alichelewa kila siku na hakuna aliyemgombeza. Akiingia yeye, darasa lile lenye madirisha ya mbao lilikuwa kama limeongezwa ukubwa. Nilikuwa na miaka thelathini. Sijawahi kuwa na furaha kama ile, hata siku ya harusi yangu. Ruthi anisamehe.

Jumatano, 8 Oktoba

Duara nimeliachia kushoto wiki nzima. Leo nikalizungusha kulia kidogo kidogo. Ukizidisha, sauti inakuwa ya bati, kama mtu anaimba ndani ya debe. Ukirudi nyuma kidogo kuna mahali inasimama yenyewe. Nikapafikia. Pumzi kabla ya neno. Ulimi ukigusa meno.

Tabitha kabisa. Kama yuko hapa barazani.

Nikarudisha kushoto haraka, kama mtu aliyefungua mlango wa chumba kisicho chake.

Hapa niandike wazi. Nyumbani kwangu wote wanaamini sauti ile ni ya marehemu mke wangu, Ruthi. Nimewaambia hivyo miaka hamsini na moja. Upendo alikuwa na miaka minne bibi yake alipofariki, hamkumbuki. Wimbo wake huu anamtungia bibi. Mwangwi ndio umeuficha uongo wangu muda wote huu, na sasa mimi mwenyewe nimeshika kisu.

Alhamisi, 9 Oktoba

Daktari wa mjini alisema moyo umepanuka. Nilimwomba asinifiche, hakunificha. Kwa hiyo naandika.

Nilikuwa mwalimu mkuu, kiongozi wa kwaya, na katibu wa baraza la wazee wa kanisa. Tabitha alifundisha watoto wadogo pale shuleni kwangu. Alipata mimba bila ndoa. Akatengwa, kama ilivyokuwa desturi: hakuna meza ya Bwana, hakuna kwaya, kiti cha nyuma mpaka arudishwe kundini. Ndipo ikaja taarifa kwamba mtu wa redio anapita siku moja tu, na mashine ya kurekodi.

Bila Tabitha hatukuwa na wimbo. Nilijua. Wote walijua.

Shule ilikuwa imejengewa tangi la saruji la maji ya mvua, jipya, bado kavu. Fundi alikuwa ameacha tundu chini, mtu angepita kwa kuinama. Nilimwingiza Tabitha humo mapema, nikaipanga kwaya mbele ya tundu. Hakuwa amesimama na kwaya, nikajiambia, kwa hiyo sijavunja agizo. Yule mtu wa redio alipenda sauti ilivyotoka, hakuuliza.

Mchungaji hakutarajiwa. Alikuja, akaletewa kiti, akakaa mbele yetu kwa muda wa karibu saa tatu. Ilikuwa Oktoba kama sasa. Tabitha alikuwa na mimba ya miezi saba. Ndani ya tangi, juani, hana maji, na hakuna aliyeweza kumpelekea. Kila nilipoinua mkono aliimba.

Mchungaji akauliza nani anaimba vile. Nikasema, "Ni Ruthi, mke wangu. Yuko nyuma." Ruthi, aliyekuwa mstari wa nyuma wa kwaya, akanitazama. Wimbo uliporudiwa akaanza kuchezesha midomo.

Uongo wangu ulianza hivyo. Kwa sentensi moja, mchana, mbele ya watu ishirini.

Ijumaa, 10 Oktoba

Nilimtumia Upendo kipande. Nilikuwa nimekisafisha nusu, nikaacha mwangwi wa kutosha.

Akapiga. "Babu, bado. Umemwacha bibi kisimani. Mtoe huyo mama." Nikacheka naye.

Anataka na jina la kuandika kwenye wimbo. Jina la Ruthi la usichana. Anataka kabla ya Jumatano ijayo, maana wimbo unatoka. Nikasema nitamtumia. Ningeweza kulitaja pale pale. Ninalijua jina la mke wangu.

Jumamosi, 11 Oktoba

Bado sijaandika lote. Nimezunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Mtu wa kupeleka habari za Tabitha kwenye baraza nilikuwa mimi. Nilimwona anatapika nyuma ya stoo ya shule, mara mbili katika wiki moja. Hakuna aliyeniuliza. Mchungaji alikuwa mgeni na nilitaka anione mtu safi, mtu wa kutegemewa. Niliandika barua ukurasa mmoja kwa mwandiko mzuri. Desturi ya baraza ilikuwa mleta habari hatajwi. Nilikaa kikaoni nikiandika kumbukumbu za kikao kilichoitishwa na barua yangu mwenyewe, na nilitikisa kichwa kwa huzuni pamoja na wengine.

Miezi michache baadaye nikamtia ndani ya tangi kwa sababu nilihitaji sauti yake.

Alirudishwa kundini baada ya miaka miwili. Kwaya hakurudi. Nilimwomba mara moja. Alisema ana mtoto mdogo.

Najichukia. Nimechelewa kujichukia.

Jumapili, 12 Oktoba

Sikwenda kanisani. Pumzi. Nilisikia nyimbo kutoka barabarani, wanatumia vinanda vya umeme sasa. Si vibaya.

Nimemwambia Neema aniitie bajaji kesho. Alisema hapana. Nikamwambia nakwenda kuomba msamaha na sitaki kuzikwa na kosa langu. Akaenda kutafuta koti langu.

Jumatatu, 13 Oktoba

Tabitha anakaa ng'ambo ya bonde, nusu saa kwa bajaji. Nimemkuta barazani kwake anachambua vitunguu. Ana miaka sabini na kitu sasa, mgongo umepinda, macho yale yale.

"Shikamoo Mwalimu. Leo umeletwa kama bibi harusi."

"Marahaba, Mama Zakaria."

Nilikuwa nimekisafisha kipande tangu alfajiri, duara pale pale inaposimama sauti. Nikamvisha hedifoni. Alisikiliza na maganda ya vitunguu mikononi. Mara ya kwanza, ya pili.

"Ni mimi," akasema. "Nilikuwa na pumzi jamani."

Nikamwambia habari ya wimbo wa Upendo na ya jina, kwamba miaka yote nimesema ni Ruthi. Alicheka mpaka akakohoa.

"Mwalimu, wanawake wote tulijua. Ruthi alichezesha mdomo kama mbuzi anacheua. Tulimcheka mwaka mzima, na yeye anacheka. Mliokuwa hamjui kwamba tunajua ni ninyi wazee wenye makoti."

Akasema Ruthi alikwenda kwake jioni ya siku ile ile, na kibuyu cha maji na uji. Alikaa naye mpaka giza likaingia. Alimwambia, leo sikuimba hata neno moja, sikuweza. Baada ya hapo kila msimu alimpelekea uwele. Mimi nilijua uwele unapungua ghalani. Nilidhani ni panya.

Ningeweza kuondoka hapo. Nilikuwa nimesamehewa kwa kicheko, bajaji inaunguruma. Mtu mwoga angeondoka, na mimi ni mtu mwoga. Sijui nani alinifungua mdomo. Nikamwambia habari ya barua.

Akaacha vitunguu.

"Wewe."

"Mimi."

"Siyo Yunisi."

"Siyo Yunisi. Nilikuona mwenyewe, nyuma ya stoo."

Yunisi alikuwa dada yake mkubwa. Tabitha alimwambia yeye peke yake habari ya mimba, hakuna mwingine. Kwa hiyo barua iliposomwa alijua ni nani. Alikwenda akamwambia usoni kwamba amemuuza. Yunisi aliapa, akalia, hakuaminiwa. Hawakusalimiana tena. Miaka thelathini na zaidi, kijiji kimoja, kisima kimoja. Yunisi alipokufa, Tabitha alikaa ndani akafunga mlango.

"Sikumzika, Mwalimu."

Akarudi kwenye vitunguu, akavimaliza, akaingia ndani. Nilikaa pale mpaka dereva akaja kunishika mkono.

Jumanne, 14 Oktoba

Siku mbaya. Nimelala kwa kuketi, mito mitatu mgongoni. Neema hajauliza.

Nilijua kwamba Tabitha na Yunisi hawasemezani. Kila mtu alijua. Nilijiambia ni mambo ya mpaka wa shamba. Niandike ukweli: niliwahi kuhisi. Siku ya mazishi ya Yunisi nilikuwepo, nikaona Tabitha hayupo, na kitu kikanigusa hapa kifuani. Sikuuliza. Jibu lingekuwa langu.

Jumatano, 15 Oktoba

Nimempigia Upendo. Nimemweleza lote, tangi, Ruthi, barua. Hakunikatiza.

Kisha akasema, "Kwa hiyo miezi mitatu studio nimekuwa nalia na mama wa watu."

Nikasema ndiyo.

"Na bibi yuko wapi kwenye hiyo kanda?"

Nikasema nitatafuta. Akakata simu. Hakuniita mume wake.

Nimetafuta mchana kutwa. Sehemu ya kwaya inapoitikia ni ngumu kuliko sauti moja, mikia imesukana, ukikata mmoja unamjeruhi mwingine. Lakini wanawake wa sauti ya pili walikuwa wanne na ninawajua wote hata leo. Nilikata polepole. Nikampata wa kwanza, yule wa kwenye pua. Wa pili. Wa tatu, anayewahi. Nikasikiliza mara ishirini. Wapo watatu.

Ruthi hayumo. Ni kweli alivyomwambia Tabitha. Alisimama pale kwa saa zote tatu na hakuimba hata neno. Na katika maisha yetu yote sikuwahi kumrekodi siku nyingine.

Nimemwandikia Upendo hivyo hivyo. Bibi yako hayumo. Kosa ni langu.

Alhamisi, 16 Oktoba

Kimya kutoka Dodoma.

Saa nne Zakaria, mtoto wa Tabitha, amekuja na pikipiki. Mtu mzima, mvi kichwani. Aliniamkia, akakataa kiti. Mama yake anasema mambo mawili. Jina lake liandikwe kwenye wimbo, lake na la baba yake, na si kwa ajili ya kumfurahisha Mwalimu. La pili, Jumamosi saa tatu bajaji impitie, tunakwenda kwa Yunisi, na Mwalimu atasema mwenyewe.

Nikasema nitakuwa tayari.

Zakaria ndiye aliyekuwa naye ndani ya tangi. Nilitaka kumwambia. Bila shaka anajua.

Ijumaa, 17 Oktoba

Upendo ameandika. Mistari miwili. Wimbo ameuahirisha; amelipokea jina la Tabitha, atalitumia, na atampigia mwenyewe kumwomba ruhusa kwanza. Mstari wa pili: nile dawa zangu.

Nimekula.

Nimempa Neema daftari hili na kumwonyesha linapokaa. Asome akitaka, mimi nikiwa sipo.

Jumamosi, 18 Oktoba

Tumekwenda. Tabitha amekaa upande wake wa bajaji, mimi wangu. Amevaa kitenge kipya na kilemba cheusi.

Kwa Yunisi anaishi mtoto wake wa mwisho na mkewe. Walinitolea kiti nje. Nikawaambia wote wawili, kwa Kiswahili, kisha nikarudia kwa Kinyaturu ili pasibaki neno la kujificha nyuma yake. Kwamba mama yao hakumsaliti mdogo wake. Kwamba ni mimi. Kwamba niliona hawasemezani na nilinyamaza.

Kijana aliuliza jambo moja tu. "Mama alijua anatuhumiwa nini?"

"Alijua," Tabitha akamjibu. "Nilimwambia usoni. Na yeye akaniambia kweli, nikakataa."

Kijana hakunilaani. Mkewe akaingia ndani akarudi na chai, akanipa mimi wa kwanza, kwa mikono miwili, kwa sababu ndivyo alivyolelewa. Hilo liliniumiza kuliko laana.

Kaburi liko nyuma ya nyumba, karibu na mihogo. Tabitha alikwenda peke yake. Nikamwona anakaa chini polepole, mkono mmoja ardhini, kisha ananyoosha miguu kama mtu aliyekuja kushinda. Akaanza kusema. Kinyaturu, sauti ya chini, bila haraka. Upepo ulikuwa unakuja upande wangu na maneno mengine yangenifikia. Sikuyatafuta.

Nikamwambia dereva azime injini, tumsubiri mpaka amalize.