Karatasi Mlangoni pa Tawi

Jumatano, Mabatini

Nilimwambia mwenyekiti aipeleke karatasi yetu ikapigwe taipu kwanza. Nilimwambia mara mbili!

Serikali inajadiliana kujitoa kwenye soko la pamoja na nchi jirani, na chama chetu cha upinzani kimetuuliza sisi wa tawi tunataka hoja gani itangulie katika majadiliano hayo. Mwenyekiti wa tawi, Mzee Masanja, alitaka tuanze na lawama. Nikakataa. Nikaandika kwanza akina mama wanaovusha dagaa, wasije wakaanza kutozwa ushuru mpakani. Hilo silijutii.

Lakini leo nimeikuta karatasi imebandikwa mlangoni pa tawi, kwa mwandiko wangu. Mimi, mwalimu wa serikali, nisiyeruhusiwa siasa! Nusu ya mtaa huu nimewaandikia barua, wanaujua mwandiko wangu.

"Watu wameipenda, Mwalimu," Mzee Masanja akacheka.

Nimeibandua. Ilishashinda pale tangu asubuhi.

Jioni akaja balozi wetu wa nyumba kumi, mtu wa chama tawala. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akaomba nimwandikie barua mwanawe aliyeko Nansio.

"Niandike nini, Mzee?"

"Salamu tu. Chochote."

Nikaandika. Akaikunja taratibu, akaitia mfukoni.

Sasa ndiyo nakumbuka. Huyo mwanawe amesharudi. Jumapili nilimwona kanisani.