Waliofika Tangini

Lodwar,
12 Machi 1996

Dada yangu Abei,

Kabla ya salamu nakuomba jambo moja: isome barua hii ukiwa peke yako, kisha uitie motoni. Hata mchungaji usimwonyeshe. Sasa salamu: ejok, hujambo? Watoto wanaendeleaje hapo Kakuma? Mimi mwili ni mzima, ila nina hasira hadi kalamu inatoboa karatasi.

Umeniandikia kwamba macho yako yamekuwa manjano na mkojo kama chai isiyo na maziwa. Dada, acha vidonge vya uvimbe leo hii.

Ripoti ya miaka mitano ya utafiti wa vidonge hivyo, ambayo mimi ndiye ninayeipiga chapa hapa ofisini, imekamilika. Inasema dawa ni salama: kati ya waliopewa, katika kila kumi amekufa mmoja, na kati ya wasiopewa ni vilevile. Hesabu ni ya kweli, maana yake ni uongo. Unaijua kanuni yetu: mgonjwa hutembea kutoka getini hadi tangi la maji na kurudi, akishindwa, hapewi dawa. Kwa hiyo wengi wa wasiopewa walikuwa mahututi tangu siku ya kwanza. Utawalinganishaje na wenye nguvu? Nikawatazama waliofika tangini peke yao. Arobaini walikosa dawa kwa sababu ilikuwa imeisha stoo: amekufa mmoja. Mia mbili walipewa: wamekufa ishirini, wengi wakiwa na macho kama yako.

Nilimpelekea hesabu hiyo daktari mkuu wa utafiti. Akaniuliza mbele ya wote kama siku hizi taipureta nazo zinasomea udaktari. Wakacheka. Kisha akafunga mlango, akasema taratibu, “Ebenyo, ile safu ya tangi iondoe. Nani atakwenda kuwauliza wafu kama walitembea?”

Nikaiondoa. Nikapiga chapa ripoti upya. Nakala ya kwanza nimeificha.

Lililobaki ndilo linalonichoma. Siku ile ulipokuja kupimwa, wewe hukufika tangini. Uliketi nusu ya njia, umeshika ubavu. Mimi ndiye niliyeandika kwamba ulifika, nikidhani nakuokoa. Nichukie ukitaka, lakini usimeze kingine. Kesho nenda hospitali ya misheni na uwaonyeshe hivyo vidonge.

Wabusu watoto. Usiniandikie kwa sanduku la ofisi, barua zinafunguliwa. Barua yako mpe Chuol, yule mkalimani Msudani, ambaye kila Alhamisi huja huku Lodwar na lori la chakula cha msaada linaporudi tupu. Ataiacha kwa Atiir, muuza tumbaku anayeketi mkabala na posta. Asitaje jina langu. Aseme tu ni ya mdogo wake Abei.

Ndugu yako,
Ebenyo