Chakula cha Mama Kisicho na Chumvi

Jumatatu, 5 Septemba 1955
Leo sikwenda shule. Nimempeleka mama kliniki. Mimba ina miezi saba. Miguu imevimba — ukibonyeza kidole, shimo linabaki. Sista Felicitas alimfunga mpira mkononi, akaujaza upepo, akasikiliza, akaujaza tena. Presha imepanda sana. Akasema mama alale, asibebe maji, na chumvi asiile kabisa. Akauliza nani anapika. Nikasema mimi. "Basi dawa ni wewe," akasema.
Nitajitahidi! Watoto wawili kabla ya huyu hawakuishi. Huyu ataishi.

Alhamisi, 8 Septemba
Mama hataki kula. Ndizi vijiko viwili, anasukuma sahani. Anasema ni kama kutafuna pamba. Baba alimtania kwamba siku hizi mke wa karani wa reli amekuwa memsahibu, analetewa chakula kitandani. Mama alicheka kidogo, kisha akashika kichwa.
Kopo la chumvi nimelipeleka kwa jirani, Bi Mahfudha mwenye duka. Lisikae nyumbani.

Jumamosi, 10 Septemba
Nimepata njia! Mama amekumbuka kwamba kwao Bukoba bibi alipikia maharage magadi. Magadi si chumvi. Yanalainisha tu, na ladha kidogo inabaki. Bi Mahfudha kanipimia fungu, kasema nijaribu na kwenye kisamvu. Mama amekula sahani mbili. "Auleria, leo umepika kama mtu mzima."

Jumatano, 14 Septemba
Magadi kila siku — maharage, kisamvu, hata ndizi. Mama anamaliza chakula. Lakini sasa uso nao umevimba, pete haitoki kidoleni. Kichwa kinamuuma tangu juzi. Yeye anasema ni jua la huku kwetu Keko. Sielewi. Chumvi hajaonja hata chembe.

Jumamosi, 17 Septemba
Kliniki tena. Presha imezidi ile ya kwanza. Sista alinitazama mimi, akauliza habari ya chumvi. Nikaapa. Akauliza ni kitu gani kingine ninachoweka chunguni. Nikataja magadi.
Aliweka kalamu chini. Kisha akasema polepole: "Mwanangu, magadi na chumvi ni ndugu. Mwili hauoni tofauti."
Hakunigombeza. Angenigombeza ingekuwa afadhali. Mama hakusikia, alikuwa ameshapelekwa wodini kulazwa. Baba nimemwambia tu kwamba presha imepanda.

Jumapili, 18 Septemba. Saa tisa mchana, kwenye baraza ya hospitali
Naandika kwa penseli. Tuliingia kumwona saa nane. Mama alinishika mkono, akauliza mbona giza, tumfungulie dirisha. Madirisha yote yako wazi! Jua limefika hadi kitandani. Baba alicheka, alidhani ni utani. Sista hakucheka. Akatutoa nje.
Daktari ameingia, mlango umefungwa. Wanataka kumtoa mtoto leo hii. Ana miezi saba na nusu. Wapo wa umri huo wanaoishi, sista mwenyewe kasema.
Baba amekaa karibu yangu, kofia magotini. Anasema haelewi presha ilipandaje, na sisi tulifuata kila tulichoambiwa. "Hata chembe hukumpa, mwanangu. Nilikuwa nakuona." Amerudia mara mbili.
Naandika ili nisimtazame. Sasa ananiuliza naandika nini.