Jezi ya Kaveke Sirudishi

Nuu, Jumapili

Dada yangu Muthoki,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Mguu wako unaendeleaje huko Kasikeu? Sisi tu wazima, na mbuzi amezaa mapacha.

Dada, wamemtoa Kaveke wangu kwenye timu ya basketi ya shule. Niliitwa nirudishe jezi. Mwalimu wa michezo akaniambia, "Mama, msimu mzima huyu hajafunga hata kikapu kimoja."

Nikamwambia, "Mwalimu, kwenye kikundi chetu cha mwethya tukichimba matuta, kuna wa jembe na kuna wa kubeba mawe. Umewahi kusikia tumemfukuza wa mawe?"

Akacheka. Lakini Roselyne, yule mfungaji wao anayesifiwa, alikuwa amesimama mlangoni. "Mwalimu, mimi nafunga kwa sababu Kaveke amewazuia wale warefu. Akitoka, nitoe na mimi."

Kicheko kikaisha. Mwalimu amesema atafikiria mpaka Ijumaa. Haya, afikirie. Mimi jezi nimeifua, nimeipiga pasi, na sirudishi. Bwana anisamehe kama ni kiburi.

Tuombee, na unijibu upesi.

Dadako,
Syombua